Sekunde Tisa za Machozi

Uso wa Irma Lindauer ulipojaa kwenye pazia la sinema, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Miaka ishirini na mitano tangu filamu itoke, na bado Los Angeles inalia naye pale stesheni, treni ikiondoka, wapenzi wakitenganishwa na vita. Irma hakuwa mmoja wa wapenzi hao. Alikuwa mkimbizi kutoka Vienna, aliyechukuliwa kujaza umati. Sekunde tisa tu.

"Ona, analia kweli," binti mmoja aliyeketi nyuma ya Irma alimnong'oneza mchumba wake. "Wewe hata kitunguu hakikulizi."

Mwongozaji, mzee Crace, alipanda jukwaani kwa mkongojo. "Wiki nzima namtafutia machozi huyu mama, wapi! Ijumaa ikafika, akayamwaga ndoo nzima!"

Watu wakacheka. Irma naye akatabasamu, kwa adabu.

Ijumaa ile, kamera zikiwa tayari, Crace mwenyewe ndiye aliyemletea telegramu kutoka Marseille. Wakimbizi walikuwa wakihama vyumba kila mara, kwa hiyo barua zao zilipitia studio. Mdogo wake Irma, Klara, alikuwa amewekewa nafasi melini, mradi dada yake ajibu kabla ya Jumatano adhuhuri. Jumatano ilikuwa imeshapita. Meli iliondoka bila Klara, na Klara hakuonekana tena.

Irma aliilaumu vita. Aliilaumu posta. Kuna miaka alijilaumu mwenyewe. Lakini Irma hakumlaumu Crace kamwe. Si ndiye aliyekimbia kumletea? Leo alikuja kumwambia asante, kabla mmoja wao hajafa.

Alimkuta mlangoni, kando ya kabati la vioo lenye kumbukumbu za filamu: kofia ya shujaa, glavu za mpenzi wake, na ile telegramu, aliyoiangusha Irma siku ile akiwa hajijui.

"Mzee Crace, sijawahi kukushukuru."

"Aa, wewe! Mimi ndiye wa kukushukuru, binti yangu. Bila machozi yale, nani angetukumbuka leo?"

Irma akacheka kidogo, akainamia kioo. Kando ya telegramu waliweka na bahasha yake. Hakuwa amewahi kuiona. Yeye alipewa karatasi peke yake.

Juu ya bahasha kulikuwa na muhuri wa mapokezi wa studio: Jumatatu, saa tatu asubuhi.