Zamu ya Ishirini na Nane

Uvumi nilioshindwa kuutoa kichwani niliupata saluni: timu yenye zamu ya ishirini na nane ya kuchagua wachezaji wapya wa ligi itamchukua mwanangu. Nikaagiza keki ya rangi zao.

Zamu ilipofika, mtangazaji wa televisheni akasema timu hiyo imebadilishana zamu na timu nyingine: imeipa ya ishirini na nane, nayo imepewa ya thelathini na moja pamoja na zamu ya ziada ya mwakani. Hiyo timu nyingine ikamchagua mtoto wa Verlene, jirani yangu, aliyekuwa akikaa benchi huku wangu akicheza. Shangwe za kwao zikavuka barabara hadi sebuleni kwangu.

Simu ya mwanangu ikalia. Alikuwa Verlene. Nikainyakua mimi.

"Shoga, mwambie asivunjike moyo. Naye atapata."

"Nani kakuomba pole? Wako kafundishwa kukimbia na wangu!"

"Makubwa! Leo hata furaha yangu inakuwasha?"

Mwanangu alikuwa amenyoosha mkono. "Mama, wameshuka zamu tatu tu, hawajaniacha. Lazima wanipigie simu hiyo kabla ya kunichagua. Nipe."

"Ngoja nimalize!"

Nikamwambia Verlene yote ya tangu darasa la kwanza. Simu ilikuwa ikitetemeka sikioni, nikadhani ni mkono wangu.

Nilipoishusha, kioo kilikuwa na jasho la shavu langu, na chini ya jasho simu nne ambazo hazikupokelewa, zote za namba moja ngeni.

Mama mwenzangu, siku hiyo ikikufika:

Usishike simu ya mwanao.
Usigombane na mtu.
Usiulize mtoto wa nani kachaguliwa.
Usikae mahali ambapo mwanao atauona uso wako.