Mheshimiwa Twiga

Zamani wanyama walipocheza mpira wa kikapu, Twiga alikuwa bingwa asiye na mpinzani. Alipostaafu, wakamchagua kuwa mbunge wao. Katika mkutano wake wa kwanza alisimama kuwaeleza kwamba mto unakauka, kwa hiyo visima vichimbwe mapema. Nyumbu wakamkatiza: "Mheshimiwa, hebu tutupie mpira kwanza."

Akautupa, ukatumbukia kikapuni, wakashangilia mpaka wakatawanyika. Ikawa hivyo kila mkutano. Shangwe zile, alizozikosa tangu astaafu, zilimlevya, akaacha kabisa habari za visima.

Mto ulipokauka, Digidigi alimjia amembeba mwanawe aliyekufa kwa kiu.

"Mheshimiwa, na urefu wote huo hukuona?"

"Niliona, mama," Twiga akajibu, shingo ameiinamisha. "Lakini mlikuwa mnanishangilia."