Kirungu cha Sikudhani

Kama kawaida yake, mkaguzi Mwinchande alibana fomu ya leseni chini ya waipa, kisha akaingia garini kumtahini Sikudhani udereva.

"Dada, una mkono mmoja tu, nao unashika usukani. Taa utawasha kwa meno?"

"Meno nimeyatunza ya kuchekea leseni, bwana mkubwa. Wewe taja tu," alijibu Sikudhani.

Kwenye usukani, fundi umeme alikuwa amemfungia kirungu chenye vitufe vya honi, taa na waipa, kilichoenea kiganjani kama limau.

"Honi! Taa! Indiketa kushoto!"

Kidole gumba kilibonyeza, kikasukuma, kikazungusha, na kiganja hakikuachia usukani hata mara moja.

Mwinchande alifungua mlango. "Hebu nipishe, nami nijaribu."

Akaficha mkono mmoja mgongoni, akazungusha kirungu. Waipa zikaamka, na ile fomu isiyo na saini ikaanza kumpungia, kulia, kushoto.