Dole Gumba la Mzee

Kitu cha kwanza alichokiona ni mstari. Mstari mwembamba, msafi, uliopita katikati ya doa la kutu lenye umbo la dole gumba, mgongoni mwa weji.

Weji ni ile fimbo fupi ya gofu ya kuchotea mpira kutoka mchangani. Hii ilikuwa ya chuma kitupu, haikung'arishwa. Msichana alikuwa na wiki moja tu katika stoo ya klabu, kazi yake kuosha fimbo, kuzikausha na kurudisha kila mfuko kwenye ndoano yake. Akachukua msasa aliondoe lile doa kabla mwenyewe hajafika.

"Usiguse!"

Mwenye fimbo alikuwa Mpimaji, mtu wa kupima viwanja, mrefu, wa maneno machache. Aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaketi juu ya kreti la mipira, akalia mbele ya mtu asiyemjua.

"Baba alikatwa dole gumba na msumeno hapa," alisema, akigusa ule mstari. "Hapa hapa."

Msichana aliufumba mkono wake juu ya msasa.

Mengine aliambiwa na Redio, mbeba mifuko aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Fimbo ilikuwa ya marehemu baba yake Mpimaji, fundi seremala. Mzee alipougua alimwita mwanawe mara tatu. Mwana akajibu atakuja Jumapili, maana Jumamosi kuna mashindano. Jumamosi akashinda, kwa weji mpya inayong'aa. Jumapili akakuta viti vimepangwa uani.

"Akarithi fimbo, haina hata doa," Redio alisema. "Kaileta hapa wiki iliyopita, niliiona mimi kwa macho yangu. Leo ina dole! Mzee karudi, mwanangu. Mimi mfuko huo nitaubeba kwa mkono mmoja, wa pili niutunze kwa kukimbilia."

"Labda ni kutu tu," msichana alisema kwa sauti ndogo.

"Kutu yenye kovu?"

Wiki iliyofuata msichana alianza kuvaa glavu. Sabuni inamwasha, alisema. Redio akambatiza Bibi Harusi.

"Shule imekushinda, cherehani imekushinda, na sabuni nayo?"

Ni kweli shangazi yake alimtoa kwenye ushonaji. "Sindano hazinipendi," ndivyo alivyozoea kujibu, watu wakacheka, yakaisha.

Mpimaji alibadilika. Kila alipofika mchangani aliweka kidole chake juu ya lile dole, akavuta pumzi, akapiga. Weji mpya aliibeba tu, haitoi mfukoni.

"Ile inang'aa mno," alimwambia msichana siku moja. "Nikiinamia mpira, najiona mle ndani. Mikono inakufa. Hii haing'ai. Hii ina mtu."

Lakini kidole kikisugua chuma kila siku, chuma husafika. Mwezi wa nne dole lilikuwa kivuli. Mpimaji akaanza kukosea. Akaanza kuitoa ile nyingine, akairudisha, akaitoa tena.

"Bado unaiona, mwanangu?"

"Naiona, bosi."

"Mimi siioni vizuri." Aliishika karibu na macho. "Ananiacha."

Alhamisi alikuja akiwa amekonda uso. Jumamosi ilikuwa siku ya mashindano yale yale, mwaka mmoja kamili.

"Nikikuta imefutika," alisema, "nitaifukia kaburini kwake, na sitagusa fimbo tena. Nitakuwa nimeshapata jibu langu."

Alipoondoka, fimbo ziligongana taratibu kwenye ndoano, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Siku hiyo msichana alichelewa kufunga stoo. Redio akachungulia mlangoni.

"Bibi Harusi! Kumbe umeolewa na fimbo?"

"Nakausha," alisema, bila kugeuka.

Jumamosi asubuhi Mpimaji aliitoa weji mfukoni amefumba macho. Alipoyafumbua, dole lilikuwa pale, jekundu, bichi, na mstari wake katikati. Aliitoa ile inayong'aa, akaiegemeza ukutani, akatoka bila hiyo.

Kwenye shimo la mwisho mpira wake ulizama mchangani, chini kabisa ya ukingo. Msichana alitazama kutoka mlango wa stoo. Kidole juu ya kidole, pumzi moja, mchanga ukaruka. Mpira ukatua, ukabingirika, ukakoma hatua moja kutoka shimoni, kama uliozuiwa na mkono wa mtu.

Alikuwa wa pili, na alicheka kuliko aliyekuwa wa kwanza. Fimbo aliirudisha mwenyewe.

"Tangu mazishi nilikuwa na swali moja tu," alimwambia msichana. "Nilitaka kujua kama amenisamehe. Amenijibu mara mbili." Akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Leo nitalala."

"Ulale salama, bosi."

Msichana alisubiri hadi hatua za Mpimaji ziishe kwenye kokoto. Kisha akavua glavu. Viganja vilikuwa vimelowa jasho, jasho lile lile lililotia kutu kila sindano ya shangazi. Moja ya sindano hizo, kabla hajafukuzwa, ilimchana dole gumba, ikamwachia kovu katikati.

Akainua weji usawa wa uso wake.

"Nisamehe, mzee," alisema, safari hii kwa sauti. "Mimi ndiye niliyemsamehe mwanao."