Kinyozi wa Michongoma

Wilaya nzima hakuna anayejua kutunza ua wa shamba kunizidi mimi. Nilimwambia hivyo shangazi Nakiete siku nilipoukata ule wa michongoma ukanyooka juu kama meza ya mwalimu mkuu.

"Umependeza," alisema. "Sasa waliokuwamo wamekwenda wapi?"

Nilicheka. Kesho yake bomba halikutoa hata tone. Siku hizi maji ya shamba yanafunguliwa na ua wenyewe: kifaa kilichofichwa humo kikisikia ndege, koki inaachia. Ua ukiwa kimya, shamba litakunywa umande. Na maharage ya shangazi ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua.

Lakini mimi nina koo, bwana. Alfajiri nikajibanza nyuma ya ua nikalia kama tetere, kuu-kuruu, na maji yakaja. Shangazi akafurahi kuwa ndege wamerudi, akanikaangia yai. Nikawa tetere wiki nzima, hata nikaanza kujiuliza ninasema nini hasa.

Jana nikajibiwa kutoka migombani. Kisha tetere wa kweli akatua juu ya ile meza yangu, kijiti mdomoni. Akazunguka akitafuta panda ya matawi ya kukiweka, hakuipata, akaniinamishia jicho moja. Nikalia tena taratibu, nione tu atafanya nini. Akasogea karibu.

"Endelea, baba," shangazi akasema nyuma yangu, ndoo mkononi. "Umemwita mwenzako ahamie. Haya, mwonyeshe pa kujenga."