Uwanja Usioshika Nyayo

Bi Maimuna hakuiangalia mashine. Aliiangalia miguu ya muuzaji.

"Shikamoo, mama," alisema Jerome, huku akipangusa vumbi kwenye mashine ya kukatia majani.

"Marahaba. Mbona umevaa viatu vizito hivyo na joto lote hili la Lindi?"

"Vyuma, mama. Kimoja kikikudondokea, wiki nzima unatambaa."

Bi Maimuna akaviinamia vile viatu. Mguu ukishaingia kwenye kiatu cha namna ile hauonekani, na yeye alitaka kuuona. Kwa wiki tatu mguu wa mwanamume ulikuwa ukimkosesha raha.

Kwao Mitwero uwanja ulikuwa mchanga mtupu. Jioni huufagia mpaka michirizi ya ufagio ilale sawasawa, na asubuhi huusoma kama wenzake wanavyosoma gazeti. Hapa kapita kuku. Hapa paka wa jirani. Hapa mkwewe Sauda kaenda bombani. Na hapa, kutoka mlangoni hadi kwenye lango, katoka mwanamume.

"Ni Issa, mama," Sauda humjibu kila siku. "Karudi umeshalala, katoka hujaamka. Kakusalimu."

Huenda. Issa, mwanawe wa pekee, aliendesha lori kwenye ujenzi wa barabara, huko porini ambako simu haishiki. Na tangu Bi Maimuna atoke hospitali, kile kidonge cha jioni kilimlaza kabla hata mboga hazijapoa. Daktari alimkataza kazi nzito na mambo ya kushtusha. Lakini mwana umzae, umfundishe kutembea, halafu usiujue mguu wake? Issa hukanyagia kisigino, mchanga unabonyea. Huyu alikanyaga kijuujuu, kama anayeogopa kuamsha watu. Tena nyayo zilikuwa za kutoka tu. Za kuingia hazikuwapo.

Na sasa mkwewe kapanda ukoka. Nusu ya uwanja ilishashika, na nusu ya pili ilikuwa inafuata. Eti mama asiendelee kuinama na ufagio. Mkishakuwa na ukoka nani atajua aliyeingia na aliyetoka? Mtoto wa watu anahangaika na lori, mwenzie anamgeuza mjinga ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sauda alitaka mashine iletwe nyumbani. Bi Maimuna akakataa. "Kitu cha chuma mtu anakwenda kukishika mwenyewe," alisema, "na mimi nakuja." Ndiyo maana walikuwa pale.

"Hii ya petroli?" Sauda aliuliza.

"Ya nini, shemeji? Uwanja wenu hatua kumi na mbili kwa tisa. Utageuza mara mbili tatu umemaliza, na mafuta yameshakula hela ya mboga. Chukua hii ya kusukuma. Nyepesi, haina kelele, visu vinazungushwa na magurudumu yenyewe. Tone la oili kila Jumamosi, vikiwa butu unapitisha tupa. Hata mama ataisukuma."

Hatua kumi na mbili kwa tisa. Kapima lini?

"Majani yanabaki marefu kiasi gani?" Sauda aliuliza kwa sauti ya chini.

"Unafungua hapa, unapandisha. Vidole viwili. Vitatu."

"Vitatu. Mtu akipita isionekane."

"Isionekane nini?" akadakia Bi Maimuna.

"Ardhi, mama."

Bei ilikuwa imebandikwa: laki moja na nusu. Jerome aliibandua ile karatasi, akaifinyanga. "Nipe themanini, shemeji. Ukiwa huna leo, chukua tu."

Hakumtazama usoni. Bi Maimuna aliuza samaki wa kukaanga sokoni miaka ishirini, na hakuwahi kuona mfanyabiashara anajishusha bei kabla hajaombwa.

"Sauda mwanangu, kitendawili."

"Tega, mama."

"Anatoka kwake kila siku, haingii hata siku moja."

Sauda aligeukia ukutani. Jerome akaanza kupanga misumari ambayo hakuna aliyeiulizia.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Sina mji, mama," Sauda alisema. "Chukua unaoutaka."

Ndani ya bajaji, mashine ikiwa imewabana miguu, Bi Maimuna alimchungulia mkwewe kwa pembeni. Viganjani hakuna hina. Machoni hakuna wanja. Na udi, ambao zamani ulikuwa ukimtangulia mlangoni, hajausikia tangu alipotoka hospitali. Sauda yule yule, aliyekuwa akijifukiza akisikia tu lori linakata kona. Sasa hajishughulishi. Moyo wake hauko tena kwa Issa, mama mtu aliwaza, na Issa wa watu hajui.

Walipofika, majirani wawili waliokuwa wakiongea langoni wakanyamaza. Nao wanajua, akajisemea. Mtaa mzima unajua.

Jioni ile hakukimeza kidonge. Alikitemea kiganjani, akakificha chini ya mkeka.

Adhana ya alfajiri ilipoanza alikuwa ameshakaa dirishani, ameinua pazia kwa kidole kimoja. Maneno ya kumwambia Jerome alikuwa nayo tayari, moja moja.

Mlango ukafunguka taratibu. Akatoka Sauda, peke yake, kajitanda nguo nyeupe za eda kichwani hadi chini, miguu yake midogo ikielea ndani ya makubadhi ya Issa. Akakanyaga mchanga hatua kwa hatua mpaka langoni, akayavua, akayakumbatia kifuani, akarudi ndani pekupeku.