Koti la Rubani

Mablanketi yote ya nyumba yalikuwa juu ya Mwantumu, na bado homa ilimtetemesha. Mumewe, Sekibaha, macho mekundu kwa kukesha, alilitazama koti ukutani. Lilikuwa la rubani wa vita vya zamani, la ngozi ya kondoo, manyoya ndani. Alikuwa akilipaka nta na kulichana manyoya kama nywele za bibi harusi, wala hakuna aliyeruhusiwa kulivaa, maana ngozi kongwe ikikunjwa hupasuka.

"Mtazame mke mwenzangu anavyostarehe," Mwantumu alisema, akilinyooshea koti kidole, meno yakigongana. "Mimi nafa kwa baridi, yeye kajifungia joto lote."

"Acha utani, Mama Hidaya. Dawa itafanya kazi sasa hivi."

"Labda inikute hai."

Sekibaha alishusha pumzi, kisha akalishusha koti. Akaupenyeza mkono wa mkewe polepole ndani ya mkono wa koti. Penye kiwiko ngozi ilipasuka, ikalia kama ukuni mkavu.

"Nini hicho?"

"Kitanda."

"Muongo mkubwa wewe," alisema, akajikunyata ndani ya manyoya. Ngozi ikapasuka tena, safari hii mgongoni.

Sekibaha alipiga magoti, akaishika zipu yenye kutu, akaanza kuipandisha, jino kwa jino, kuelekea kidevuni kwa mkewe.